Ukuta Uliompisha Mashimba

Jumapili, Novemba 5

Daftari hili nimelinunua dukani kwa Hanif pamoja na kalamu mbili, moja ya akiba. Kanisa letu la kwanza hapa Nkoma hakuna aliyeandika lilivyojengwa, ndiyo maana leo kila mwenye mdomo anasema babu yake alibeba matofali. Waliobeba matofali nawajua mimi. Wengi wamekufa. Mimi nipo, macho ninayo, na kuandika najua. Nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima mpaka nikawa namsahihisha mwalimu. Safari hii nitaandika mwenyewe, Kasmiri mwana wa Mashimba, mtu wa benchi la kwanza upande wa kulia.

Leo baada ya misa Padri Erasmus ametangaza kwamba kanisa litavunjwa, lijengwe jipya. Eti nyufa zimezidi, eti udongo wetu mweusi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukuta hauwezi. Hilo najua, aniambie jingine. Nikasimama nikasema kanisa haliumwi, limezeeka tu, na mimi nimezeeka mbona hamnivunji. Watu wakacheka. Padri naye akacheka, lakini tangazo hakulirudisha mfukoni.

Novemba 7

Mvua nzuri. Tumepanda pamba shamba la chini.

Alhamisi, Novemba 16

Mchoraji wa kanisa amefika. Nilitegemea mwanaume mwenye kitambi, kumbe ni binti, jina lake Eliaichi, mtu wa Machame, amevaa buti za mvua. Akaniamkia kwa kupiga goti kidogo, sijui nani alimfundisha. Nilimzungusha mimi kwa sababu hakuna mwingine anayelijua jengo. Nikamwonyesha ukuta niliojenga kwa mikono hii nikiwa kijana. Akapapasa zile nyufa kama daktari anavyopapasa tumbo, kisha akatoka nje, akasimama mbali, akatazama.

“Babu, lile jengo la ng'ambo ya barabara ni nini?”

“Ghala la pamba la ushirika. Nalo nilijenga mimi.”

“Aa. Ndiyo maana.”

“Ndiyo maana nini?”

“Yanafanana. Ukiondoa msalaba, mtu anaweza kuleta pamba hapa akaomba apimiwe.”

Nikamwambia kama amekuja kututukana basi la Bariadi linapita saa nane.

Jioni akatandaza karatasi zake mezani kwa padri. Kanisa la mviringo! Altare karibu na katikati, watu wameizunguka, paa linashuka mpaka nje ya ukuta na kufanya baraza pande zote, na juu kabisa kioo cha kuingiza mwanga. Nikasema, “Huu ni msonge. Hii ni nyumba ya bibi yangu. Humo tulilala na ndama.”

“Ndiyo, babu. Na Yesu alizaliwa wapi?”

Padri akakohoa. Nikauliza benchi la kwanza liko wapi.

“Yote ni ya kwanza,” akasema.

Huyu binti ana majibu.

Novemba 19

Leo nililitazama kanisa nikiwa barabarani. Kisha nikageuka nikalitazama ghala. Sisemi kitu.

Jumanne, Novemba 28

Leo nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Walikuja kupigilia vigingi pembeni mwa kanisa la zamani. Eliaichi alifunga kamba kwenye kigingi cha katikati, akazunguka nayo huku anachora kwa chokaa, duara likawa kubwa, likaingia kwenye uwanja wa zamani wa mji wetu. Uwanja huo ndiko lilikokuwa zizi la baba. Nikamwambia asimamishe.

Lazima niandike vizuri, wasije kusema mzee alikuwa na tamaa ya ardhi. Ardhi yote ile ya kanisa aliitoa baba yangu Mashimba. Aliitoa kwa sababu mama aliomba. Yeye mwenyewe hakubatizwa. Padri wa wakati ule alimfuata mara nyingi akachoka. Baba alimwambia, “Uwanja nimewapa, roho yangu niachieni.” Kila Jumapili alimsindikiza mama mpaka kanisani, akaweka kigoda chake nje, akaupa ukuta mgongo akaelekea barabarani, akangoja mama atoke. Ndani hakuingia hata kwa mvua. Nakumbuka siku moja alilowa mpaka kofia ikachuruzika, na mlango ulikuwa wazi.

Alipokufa alizikwa zizini kama ilivyokuwa kwetu kwa mwenye mji, ng'ombe wapite juu, kaburi lisijulikane kwa mtu baki. Lakini mwanawe najua. Nilikuwepo. Ukiingia mlango wa zizi, pale kwenye mnyaa mkubwa, mti wetu wa ua wenye utomvu mweupe, ni kushoto, karibu na mlango. Ule mnyaa bado upo, umekuwa mti mzima. Nikaenda nikasimama juu ya mahali penyewe nikasema, “Baba yupo hapa. Alikataa kuingia kanisani akiwa na miguu yake. Hamtamwingiza sasa hivi asipoweza kukataa.”

Wilbroad, mwenyekiti wa kamati, bwana shamba wetu kutoka Bukoba, anayezungumza kama anasoma taarifa ya habari, akauliza, “Mzee Kasmiri, kuna alama yoyote? Kuna uthibitisho?”

“Uthibitisho ni mimi.”

Dada yangu Lukresia alikuwa anapita na ndoo. Tunaishi wote tangu afiwe na mume. Akasimama, akatazama niliposimama, akasema, “Si hapo, ilumbu.”

Ilumbu ni ndugu yako wa kike ukiwa mwanaume, na wa kiume ukiwa mwanamke, na ndugu wa namna hiyo ndiye anayekuaibisha mbele ya watu. Nikamwambia, “Wewe ulikuwa msichana unalia tu. Peleka maji.”

Akapeleka maji.

Desemba 3

Kwenye misa hakuna aliyekaa na mimi benchi la kwanza. Nilipata nafasi ya kunyoosha miguu.

Desemba 9

Mvua mfululizo. Barabara ya Bariadi imekatika, magari yamelala. Wilbroad anasema mwenye fedha za msaada hatasubiri mtu mmoja mkaidi. Nimeambiwa na watu, yeye mwenyewe haniambii.

Ijumaa, Desemba 15

Barabara imefunguka, nikaenda Bariadi kutafuta dawa ya pamba. Nikampitia Hanif kwenye duka lake kubwa la mjini. Wao msikiti wao umepata kuba jipya la bati linalong'aa, ukitokea kilimani unaliona kabla ya mji. Nikamwuliza, na nyie mlipigana?

“Mzee wangu, tulipigana mwaka mzima! Hawa wanataka kuba la kijani, hawa la dhahabu, wazee hawataki kuba kabisa. Imamu akatuambia, jamani, kinachotakiwa ni mahali safi na kujua kibla kiko wapi. Hayo mengine ni mapambo ya nafsi zenu.”

“Basi mngesali uwanjani.”

“Na mvua hii?” Akacheka. “Nyumba lazima, mzee. Mtu akiwa hana nyumba anafikiria mvua, hafikirii Mungu.”

Njiani nilikuwa nawaza. Sisi hatuna kibla. Sisi tuna mbele. Wote tunatazama mbele, na mimi ndiye niliye mbele zaidi, kwa hiyo tangu nibatizwe sijawahi kuona uso wa mtu kanisani isipokuwa wa padri.

Noeli

Misa, wali, nyama. Lukresia anaimba kwa sauti kama bado yuko kwaya.

Jumatano, Januari 3

Nimeshinda! Eliaichi amerudi na karatasi mpya. Duara zima amelisogeza upande wa mashariki, na mlango ameugeuza, ili ule mnyaa na kushoto kwake pote pabaki uwanja mtupu. Amefanya kazi hiyo siku za sikukuu, padri ndiye aliyeniambia, yeye hakusema.

Nikamwuliza kwa nini ameninyenyekea, maana nilishajiandaa kwa vita. Akasema, “Babu, nimechora makanisa ambayo watu walikubali kila kitu. Ukirudi baada ya mwaka unakuta wameweka viti nyuma kabisa, karibu na mlango, kama wageni. Wewe unagomba kwa sababu ni pako.”

Nikamwambia mchoro wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Kusema kweli sikuona tofauti, ila mahali. Lukresia alitazama vigingi vipya, akatikisa kichwa, akaingia jikoni. Sikumwuliza.

Januari 11

Jua kali, mvua imepumzika. Wamechimba msingi kwa kasi. Eliaichi ameagiza wachimbe mpaka wavuke udongo mweusi, halafu wajaze kokoto. Tulipojenga lile la kwanza hatukufanya hivyo. Tulikuwa na haraka ya Pasaka.

Jumatatu, Januari 15

Naandika nikiwa nimefunga mlango mchana.

Asubuhi nilikwenda kusimamia wachimbaji, kama kawaida yangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, lakini asiposimamia mwenye kujua nani atasimamia. Walikuwa kwenye pembe ya mlango mpya, upande wa mashariki, mbali kabisa na mnyaa. Mmoja akasimama akasema, “Mzee, hapa pana kitu.”

Niliteremka mwenyewe ndani ya mtaro. Kwenye ukingo palikuwa na bangili mbili za shaba, za kusokotwa, zimeshikana kwa kutu ya kijani. Chini yake udongo ulikuwa na rangi nyingine. Baba alizikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na bangili zake mkononi. Nilipokuwa mdogo nilizihesabu kwa kidole akiwa amelala.

Nikaziweka mfukoni. Nikasema, “Ni takataka za wanawake. Fukieni kidogo hapo, mkachimbe upande ule.” Wakanitii. Kila mtu hunitii nikisema kwa sauti ile.

Nilipotoka kwenye mtaro nilitazama chokaa ya zamani, ile ya mchoro wa kwanza. Bado inaonekana kidogo kwenye majani. Ule mchoro wa kwanza ulikuwa umempisha baba. Ulipita mbali naye, ungemwacha nje, uwanjani, na amani yake. Mimi ndiye niliyelisogeza kanisa likaenda kumkalia.

Januari 16

Sikutoka. Nimesema tumbo.

Januari 17

Tumbo.

Alhamisi, Januari 18

Lukresia aliniletea uji. Nilikuwa nimeziweka bangili chini ya mto, akatandika kitanda bila ruhusa, kama alivyo. Alizishika muda mrefu.

“Hizi za baba. Umezitoa wapi?”

Nikamwambia. Nilitegemea aseme nilikwambia. Ningekuwa mimi ningesema. Yeye akakaa kitandani akasema polepole, “Nilipoolewa, ng'ombe zangu za mahari zilikuja nyingi, zizi halikutosha. Baba mdogo alilipanua kuelekea magharibi, mlango ukahamia huko, akang'oa mnyaa wa zamani, akapanda mpya. Baba alishazikwa. Wewe ulikuwa Maswa kwenye kinu cha pamba. Uliporudi ukakuta mnyaa, ukajua ni ule ule.”

“Mbona hukusema?”

“Ulinituma maji.”

Uji ulipoa. Mimi nimepima maisha yangu yote kutoka kwenye ule mnyaa. Nikipita pale nilikuwa nainamisha kichwa. Nimemwamkia baba kwa miaka yote hiyo mahali asipokuwepo, na kwenye mahali pake halisi tulikuwa tunafunga punda.

“Kesho watamwaga kokoto,” Lukresia akasema. “Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi. Lakini ukienda wewe ni vizuri zaidi.”

Ijumaa, Januari 19

Nilikwenda mapema kabla ya kamati. Eliaichi alikuwa anakunywa chai kwenye tofali. Nikampa bangili mkononi nikamwambia yote, kwa kifupi. Akaweka kikombe chini. Nikangoja anicheke.

Hakucheka. Hakusema habari ya vyuma vilivyokwisha agizwa Mwanza kwa kipimo cha duara lile. Aliuliza, “Baba yako, Jumapili alikuwa anakaa wapi hasa?”

“Nje. Mgongo kwenye ukuta.”

“Karibu kiasi gani na ukuta?”

“Mgongo kwenye ukuta, nimekwambia. Alikuwa anaegemea.”

“Anasikia misa?”

Hilo sikuwahi kujiuliza. Nikakumbuka kwamba alikuwa anajua nyimbo zote. Akichunga alikuwa anazipiga kwa mluzi.

“Alisikia,” nikasema.

Akachukua kijiti akachora mchangani. Duara, halafu karibu na mlango duara likajikunja kuingia ndani, kama mtu anavyobonyeza tumbo kumpisha mwenzake kwenye kichochoro. Ukuta unazunguka nyuma ya kaburi, kaburi linabaki nje. Paa haligeuki, linapita juu lile lile.

“Atakuwa nje ya kanisa,” akasema, “ila hatalowa.”

Nilitazama barabarani kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Kamati ilipokaa, Wilbroad akaja juu. “Haiwezekani! Ramani imepitishwa. Duara lenye kibonyeo si duara, litaonekana kama kosa la fundi. Na tulihamisha jengo zima kwa neno lako, Mzee Kasmiri. Leo tena?”

Nikasimama. Niliegemea meza.

“Neno langu lilikuwa kosa,” nikasema. “Nilikosea. Kaburi lilijulikana kwa ilumbu wangu, nikamtuma maji. Sasa ndugu mwenyekiti, andika hivyo hivyo, kwamba Kasmiri alikosea. Lakini kibonyeo ni lazima kiwepo, na wageni wakiuliza ni kosa la nani, semeni ni langu. Sitaki mtu mwingine alichukue.”

Mtu mmoja nyuma akasema, “Hata kosa analijivunia!” Wakacheka, na Wilbroad akacheka mwisho kabisa, akaandika.

Jumamosi, Januari 20

Tumemfunika baba. Lukresia alizipaka bangili samli, akazirudisha mwenyewe, akasema naye Kisukuma cha zamani ambacho hata mimi nusu sikielewi. Padri Erasmus alikuja. Alisimama pembeni amevua kofia. Mfukoni alikuwa na chupa yake ya maji ya baraka, na mimi nilikuwa nautazama mkono wake kuliko nilivyotazama kaburi. Hakuifungua. Tulipomaliza akaliinamia kaburi kama mtu anavyomwinamia mwenye nyumba, akaondoka.

Nimemhesabu kuwa mtu mzima tangu leo.

Februari 6

Palizi. Mgongo.

Februari 14, Jumatano ya Majivu

Kuta zimefika kiunoni. Nimefanya kazi ya kuangalia kibonyeo. Tofali za pale lazima zikatwe kwa pembe, fundi analalamika. Nikamwambia katika siku zangu ningezikata kwa meno.

Machi 3

Mvua imerudi. Pamba imeanza kutoa maua. Eliaichi aliumwa malaria, Lukresia alimpelekea uji wa ulezi kwenye nyumba ya wageni. Aliporudi anamwita “mwanangu”. Sikuulizwa.

Machi 31, Pasaka

Tumesali kwenye kanisa la zamani mara ya mwisho. Nilikaa benchi langu. Nyufa niliziona zote.

Aprili 22

Vyuma vya paa vimepanda. Vilipoungana juu vijana walipiga vigelegele vya kiume. Mabati yameshuka mpaka karibu na kimo cha mtu, ukiingia inabidi uiname kidogo, hata Wilbroad.

Jumapili, Mei 5

Misa ya kwanza. Ukuta wa ndani bado haujapigwa lipu. Nilifika mapema kutafuta benchi la kwanza upande wa kulia, nikazunguka, nikazunguka tena. Kulia kwa nani? Nikakaa popote.

Mwanga ulitoka juu ukamwangukia padri na watu sawasawa. Ng'ambo ya altare, mbele yangu kabisa, alikuwa amekaa Lukresia. Sikuwahi kumwona dada yangu akisali. Miaka yote alikuwa nyuma yangu. Anafumba macho, na mdomo wake unacheza kabla ya maneno kufika, kama mtoto anayesikiliza hadithi anayoijua. Ana uso wa baba.

Kwenye ukuta, karibu na mlango, kibonyeo kimeingia ndani kama bega. Watoto wameshapapenda, wanakaa wameegemea. Hawajui wameegemea nini. Si vibaya.

Mei 9

Wamevunja la zamani. Nilitazama mpaka ukuta wangu ulipolala. Ulikuwa wa mwisho kulala, andika hilo.

Jumapili, Mei 19, Pentekoste

Mvua ya mwisho ya msimu, tena ya kishindo, imekuja katikati ya misa. Mabati yakanguruma, padri akanyamaza kungoja. Nikanyanyuka nikatoka. Watu wakanitazama wakadhani ni kibofu. Waache wadhani.

Nilikwenda kwenye kibonyeo kwa nje. Tangu wiki iliyopita niliweka pale kigoda cha baba, kile nilichokihifadhi darini. Nikakaa. Mgongo kwenye ukuta, uso barabarani. Mvua ilikuwa inamwagika kutoka kwenye ukingo wa paa kama pazia, mbele yangu barabara imekuwa mto, mbuzi wa Hanif wamejibanza chini ya ghala. Miguuni pangu palikuwa pakavu.

Mvua ilipopungua walianza kuimba. Ukuta ule mwembamba wa kujikunja unaleta kila neno. Nikaona kwamba ukiwa pale unasikia vizuri kuliko ukiwa ndani, na hakuna anayekuona ukisikia. Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Huo ujanja nimeurithi.

Misa ikaisha, wakaanza kutoka wakiruka madimbwi. Lukresia akaja amejifunika kanga kichwani, akaniona, akasimama ghafla akashika kifua.

“Umenishtua. Nilidhani ni baba.”

Nikasogeza miguu kumpisha.

“Unafanya nini hapa nje, ilumbu? Misa imekwisha.”

“Nyamaza,” nikamwambia. “Tunangoja mama atoke.”

Akavuta kanga, akakaa chini pembeni ya kigoda, na yeye akautegemeza mgongo wake ukutani.